Kutoka Njuga hadi Kadi ya Chanjo

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Kibondo, sikuwahi kuona mtu akitoa hela mfukoni kwa ajili ya mbwa. Mbwa alikula kilichobaki, alilala jikoni kwenye majivu ya moto au chini ya ghala, na akiugua alipona mwenyewe au alikufa. Leo mjini Kasulu, ninakofundisha na kuishi, naingia duka la pembejeo na kutoka na mkanda wa shingo, vidonge vya minyoo, dawa ya kupe, na nikitaka, mfuko wa chakula cha mbwa uliotoka Mwanza au Dar es Salaam. Zama hizo mbili zimepishana katika umri wa mtu mmoja. Naziandika kwa sababu naona vijana wengi wanaofuga mbwa siku hizi wakianzia mwisho: mkanda unaong'aa kwanza, mnyororo mzito pili, chanjo baadaye, na mara nyingi kamwe.

Mbwa wa babu walikuwa mbwa wa kazi. Upande wetu wa mashariki ardhi inateremka kuelekea mbuga na mabwawa ya Moyowosi, na wazee wa Kiha wa zama zake walikwenda huko na mbwa kutafuta nyama. Kabla ya safari babu alimfunga kila mbwa njuga shingoni, lakini aliijaza majani makavu ili isilie njiani. Wakifika porini aliyachomoa majani kwa kidole, mbwa akaachiwa, na kuanzia hapo mlio wa njuga ndio uliomwambia babu mbwa yuko wapi, anakimbia au amesimama. Njuga ilining'inia kwenye ukanda wa ngozi, mpana, uliolainishwa kwa mafuta. Babu alipokwisha kuufunga alipitisha vidole viwili kati ya ngozi na shingo ya mbwa. Visipopita, alifungua na kuanza upya. Sikumwuliza sababu. Miaka mingi baadaye nilimsikia bwana mifugo akiwafundisha wafugaji kipimo hichohicho cha vidole viwili, nikajua kwamba ujuzi huo ulikuwa kwetu tangu zamani.

Si kwamba mbwa wa zama zile waliishi raha mustarehe. Mabonde ya kule yamejaa mbung'o. Wakoloni wa Kiingereza waliwahamisha Waha wengi miaka ya 1930 na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale, na mbwa waliorudi kutoka porini walikuwa na ugonjwa wao unaotokana na mdudu huyohuyo. Walikonda, uso ukavimba, na macho yakaingia ukungu mweupe mpaka wakawa wanagonga miguu ya viti. Wazee walijua kisa ni mbung'o, lakini hawakuwa na dawa.

Kazi hiyo ya mbwa ilikwisha polepole. Mwaka 1972 operesheni ya kuhamia vijijini ilianza mkoani Kigoma, na familia zilizokuwa zikiishi mbalimbali kwenye migomba yao zikajikuta zimepangwa kwa mistari, mlango kwa mlango. Mwaka 1981 Moyowosi ikawa pori la akiba, na sheria ya wanyamapori haikumruhusu mtu kuwinda bila kibali. Mbwa aliyekuwa akizunguka bonde zima akabaki uani, na jirani akawa hatua chache kutoka mdomoni mwake. Hapo ndipo tulipoanza kufunga mbwa mchana kutwa.

Na hatukuwa na kitu sahihi cha kumfungia. Ngozi iliadimika pamoja na uwindaji. Watu walitumia kamba ya katani, ambayo ikilowa mvua hukaza, au waya. Nakumbuka mbwa wa jirani yetu, mwekundu, mwenye masikio yaliyosimama, aliyefungwa waya akiwa mtoto. Mbwa akakua, waya haukukua. Tulianza kusikia harufu kabla ya kuona kidonda, kisha tukaona nzi wamejipanga kuzunguka shingo kama shanga. Bwana mifugo alipokuja, aliomba maji ya moto yenye chumvi, akamfunga mbwa mdomo kwa kitambaa, akatenganisha nyama kwa vidole mpaka akauona waya, ndipo akaukata kwa koleo. Mbwa hakulia. Alitetemeka tu. Alipona, lakini manyoya hayakuota tena pale, na maisha yake yote alibaki na pete ya ngozi tupu shingoni. Mwenye mbwa hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye hofu ya wezi na asiye na mkanda.

Kilichobadilisha fikra za kijiji chetu kilikuwa kichaa cha mbwa, na mabadiliko hayo yalikuja kwa gharama kubwa. Mtoto wa mtaa wa pili, mvulana mchangamfu, aliumwa mkononi na mbwa aliyekuwa akipita. Kidonda kilikuwa kidogo. Kikafungwa majani, kikapona, kila mtu akasahau. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuogopa maji, hata ya kikombe. Hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa kuwa dalili za kichaa zikishaanza, tiba haipo. Mama yangu alikwenda kulala msibani, akarudi na neno moja: mbwa wetu achanjwe au aondoke.

Nchini kote jibu lililozoeleka lilikuwa kuua mbwa wazururao, kwa risasi au sumu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuua mbwa hakumalizi kichaa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka. Hapa nchini tuna ushahidi. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilikitokomeza kichaa mwaka 2014. Kikaingia tena kisiwani mwaka 2016, watu wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 kikawa kimeondoka mara ya pili. Huku bara kazi bado ni kubwa: makadirio yaliyochapishwa na watafiti mwaka 2002 yalikuwa ya vifo vipatavyo 1,500 vya watu kwa mwaka nchini Tanzania, na duniani takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Chanjo ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilifika ndani ya chupa ya chai. Bwana mifugo aliifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, ndani kukiwa na vipande vya barafu na vichupa vidogo vilivyofungwa kwenye mfuko. Tulipanga mstari chini ya mwembe wa shule, kila mtu na mbwa wake, kila mbwa na kamba yake. Mzee mmoja alileta mbwa wake begani, amembeba kama mbuzi. "Mama, mshike masikio, mtazame usoni, usiitazame sindano," bwana mifugo alimwambia mama yangu, na kazi ikaisha kabla mbwa hajajua. Kisha akaandika kadi: jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa, tarehe. Kadi hiyo ndiyo karatasi ya kwanza katika ukoo wetu iliyomtaja mbwa.

Barafu ile ilitoka mbali. Miji ya Kibondo na Kasulu ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, mpaka umeme wa Gridi ya Taifa ulipofika mwaka 2022, na dawa ya kuhifadhiwa kwenye friji ilikuwa na mashaka kila umeme ulipokatika. Kwa hiyo nawaambia wafugaji wanaponunua chanjo dukani waulize imehifadhiwa vipi. Kipo pia cha kutia moyo. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa inayotumika sana, Nobivac, ilibaki na nguvu yake hata baada ya kukaa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, au miezi 3 katika nyuzi 30. Habari hiyo si ruhusa ya kuweka chanjo yoyote juu ya kabati. Maana yake ni kwamba vijiji visivyo na friji vinaweza kufikiwa, na kisingizio cha umbali kimepungua.

Mabadiliko mengine yaliletwa na wageni. Wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi mwaka 1993, wa Kongo wakafuata mwaka 1996, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka huo. Upande wa Kibondo wa wakati ule zilikuwepo Nduta na Mtendeli, ambayo eneo lake sasa liko wilaya ya Kakonko. Pamoja na wakimbizi yalikuja mashirika, na pamoja na mashirika watu kutoka nchi nyingi. Mjini Kibondo tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliona: mtu mzima anatembea jioni na mbwa, hana mzigo, haendi kuwinda, hamfukuzi mwizi. Watoto walimfuata nyuma. Wazee walidhani amepotea njia.

Mimi nilivutiwa na namna alivyotembea. Mbwa alipoinamisha pua kwenye kichaka, yule mtu alisimama. Hakuvuta kamba. Alisubiri mpaka mbwa amalize kunusa, ndipo wakaendelea. Nilimkumbuka babu, aliyekuwa akisema kwamba mbwa huona kwa pua na kwamba asiyemwacha anuse amemfumba macho. Yule mgeni na babu hawakupata kujuana, lakini wote wawili walijua raha ya mbwa iko wapi.

Baada ya hapo mikanda ya shingo ikaanza kuonekana. Mingi ya kwanza ilikuwa mikanda ya suruali ya mitumba, iliyokatwa na kutobolewa kwa msumari wa moto, na mpaka leo naiona kuwa kitu kizuri kuliko minyororo mingi ya dukani: ni mipana, ni myepesi, na inafunguliwa tundu kwa tundu mbwa anavyokua. Maduka ya pembejeo yalipoongezeka Kasulu, bidhaa ziliongezeka nayo, na pamoja na bidhaa ulikuja wajibu mpya ambao wazazi wetu hawakuwa nao, wajibu wa kuchagua.

Nianze na chakula, kwa sababu hapo ndipo hatari nyingi zimejificha. Nyanda zetu za juu zina mahindi, maharage, muhogo na ndizi, na kutoka Kigoma tunapata dagaa. Mbwa wangu wanakula ugali na dagaa waliooshwa vizuri kuondoa mchanga, siku nyingine utumbo wa buchani uliochemshwa. Wanastawi. Mfuko wa dukani si lazima. Ukiununua, angalia tarehe na uhakikishe umefungwa kiwandani. Chakula kinachochotwa kilo kwa kilo kutoka gunia lililo wazi kimekwisha kupigwa na unyevu.

Adui mkubwa ni mahindi yenye ukungu. Kwa miaka mingi tulikuwa tukisema, "Haya hayafai kuliwa na watu, wapeni mbwa." Mahindi ya namna hiyo huwa na sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka. Ini linaharibika, mbwa anakataa kula, anatapika, ufizi na weupe wa macho vinageuka manjano. Mahindi yasiyofaa kwa mtu hayafai kwa mbwa, na hilo lisiwe na mjadala.

Mchuzi uliobaki nao una yake. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa. Chokoleti anayoletewa mtoto na mgeni ni sumu kwake, na bigijii zisizo na sukari zilizotiwa utamu wa zailitoli ni sumu kali zaidi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Wengi hushangaa nikiwaambia hayo, kwa sababu wameona mbwa wengi wakila mifupa na kuendelea kubweka. Waliokufa kichakani hawakuonekana.

Kisha liko gunzi. Msimu wa mahindi mabichi kila ua wa Kibondo na Kasulu umejaa magunzi, na watoto huyarusha ili mbwa ayafuate. Mbwa hulipenda gunzi kwa utamu uliobaki. Akilimeza kipande kipande, tumbo haliwezi kulisaga. Hukwama kwenye utumbo, na mbwa hufa baada ya siku kadhaa za maumivu ikiwa hakuna wa kumpasua. Kokwa la embe ni hivyohivyo. Nyumbani kwetu kuna ndoo yenye kifuniko, na kila anayekula hindi anajua gunzi linakwenda wapi.

Katika dawa, kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kumwagia mbwa kwa kipimo cha kukisia. Baadhi ya dawa hizo ni kali mno kwa mbwa, naye hujilamba, ikaingia tumboni. Atatoka povu, atatetemeka, anaweza kufa usiku huohuo. Taja uzito wa mbwa wako na umri wake dukani, na muuzaji asipojua, tembea mpaka kwa mtaalamu wa mifugo. Dawa ya minyoo nayo usiiache, hasa kama una watoto wanaocheza chini, maana baadhi ya minyoo ya mbwa huingia kwa watu.

Vitu vya kuchezea nimevijua kwa kuwatazama watoto wangu. Hawakununua kitu. Walisuka kamba nene kutoka kwenye fulana chakavu, wakafunga fundo kila upande, na mbwa huvuta upande mmoja wao wakivuta mwingine. Mpira wa chandimu wa makaratasi na nyuzi tumeukataza, kwa sababu mbwa huuchana na kumeza nyuzi. Kanuni yetu ni rahisi: kisiweze kuingia chote mdomoni, kisipasuke, kisiwe na uzi unaolegea.

Mchezo ambao mbwa wetu anaupenda kuliko wote ni wa pua. Binti yangu huficha vichwa vya dagaa uani, kimoja chini ya jani la mgomba, kingine nyuma ya kinu, kingine kwenye nyasi, kisha anamfungulia mbwa na kumwambia, "Tafuta!" Mbwa huinamisha kichwa, mkia unasimama, pumzi zinakuwa fupi fupi, na ua mzima unageuka bonde la Moyowosi. Baada ya hapo hulala usingizi mzito. Mbwa aliyekuwa akichimba mashimo na kubwekea kila mpita njia ametulia, kwa sababu kazi yake amerudishiwa.

Matembezi yanataka akili zaidi kuliko zamani. Barabara ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imekuwa ikijengwa kwa lami, na magari yaliyokuwa yakiyumba kwenye mashimo sasa yanapita kwa kasi, bodaboda nazo hazihesabiki. Mbwa wetu walizoea kulala katikati ya njia ya vumbi, na lami imewakuta hivyo. Kwa hiyo natembea na mbwa wangu asubuhi na mapema, akiwa na kamba, kwenye vijia vya mashambani mbali na barabara. Wenye kuishi karibu na Malagarasi wasiwaache mbwa kuingia mtoni, kwa sababu mamba wapo. Na wenye mbwa wanaokwenda bondeni kwenye mbung'o wawatazame macho mara kwa mara. Ukungu ukianza, mtaalamu aitwe mapema.

Watoto nao wana masharti yao, na ndiyo ninayoyafundisha darasani: usimguse mbwa anayekula, usimguse anayelala, usimguse mwenye watoto, na usimkimbie usiyemjua. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukapate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa jirani mwema.

Tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, inayokataza kumtesa mnyama na kumtaka anayemfuga ampe mahitaji yake. Lakini mkanda wa waya haukatwi na sheria peke yake. Hukatwa na mwenye mbwa aliyeona kwamba usalama wa mbwa wake na usalama wa mtoto wake ni jambo moja. Mbwa aliyechanjwa, aliyeshiba, asiye na kidonda shingoni na mwenye kazi ya kufanya haumi hovyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kibondo, Kasulu na kwingineko, ukiwa na hela kidogo ya kumtunza mbwa wako, zitumie kwa mpangilio huu: chanjo ya kichaa akifikisha miezi 3, na irudiwe kama kadi inavyosema, dawa ya minyoo, chakula kisicho na ukungu na maji safi kila siku, mkanda unaopitisha vidole viwili. Kikibaki kitu, ndipo ununue cha kupendeza. Na kama hakikubaki, mfungulie, mfichie vichwa vya dagaa, tembea naye. Hayo hayauzwi dukani, na ndiyo anayoyataka zaidi.